Mawe ya Kiama

Juzi mvua ilinikuta Makutano nimebeba mifuko mikono yote miwili, na nilipofika nyumbani nikaitundika sweta yangu karibu na jiko. Haikupita muda jikoni kote kukanuka sufu iliyolowa. Binti yangu akaziba pua, akaniuliza kama nimefuga kondoo bila kumwambia. Mimi nikavuta kiti nikakaa papo hapo, naivuta ile harufu kama mtu aliyeletewa chai. Sikumweleza chochote, maana wali ulikuwa motoni na yeye ana haraka ya maisha. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliovalishwa sweta zilizofumwa na mama zenu na mnaojua sufu inavyonuka ikikaukia kwenye moshi.

Sweta ninayoizungumzia ilikuwa ya mama. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, isipokuwa mkono wa kushoto, ambao kuanzia kwenye kiwiko ulikuwa wa kijani kwa sababu uzi ulimwishia na duka halikuwa na mwingine kama ule. Wanawake wenzake walimtania sana kwa mkono ule. Yeye aliwajibu kwamba angalau sweta yake haiwezi kuibwa, mwizi ataonekana kutoka upande wa pili wa bonde. Aliivaa kila siku, shambani na kanisani, mpaka alipougua. Alifariki nikiwa bado nang'oka meno ya mbele, na akazikwa nyumbani kwetu Kibirichia, nyuma ya ghala la viazi.

Mimi mazishini sikulia. Watu walisema mtoto huyu ana moyo mgumu, na shangazi yangu, dada yake baba, alinifinya paja taratibu ili nilie kidogo mbele ya wageni. Nililie nini, na mambo yalikuwa yameshapangwa? Mhubiri alikuwa mgeni asiyejua Kimeru, akahubiri kwa Kiswahili. Kiswahili changu kilikuwa bado kile cha hiki ni kiti na ile ni meza, kwa hiyo mengi yalinipita. Lakini sentensi moja aliisema akiwa ameniinamia, taratibu, neno kwa neno: "Mama yako utamwona tena siku ya kiama." Hiyo niliishika yote. Na neno la mwisho nilikuwa nalijua tangu nizaliwe.

Wasomaji wangu wa Meru nadhani wameshaanza kucheka. Kwa wengine nieleze: kwa Kimeru, kiama ni baraza la wazee, wale wanaokaa pamoja kuamua kesi za mipaka, mifugo na ndoa. Babu yangu, ambaye sisi tulimwita Juju, hakuweza kumaliza siku bila kukitaja. Kiama kilisema hivi, kiama kilimtoza fulani mbuzi. Na mara nyingi alisema kwamba juu huko mlimani, mahali msitu unapoishia na kubaki nyasi na upepo tu, kuna mawe ya kiama yaliyosimama kwa duara. Mimi nikaunganisha. Mhubiri alikuwa ameniambia siku, na Juju alikuwa amenitajia mahali. Nilirudi shuleni nikiwa mtoto mtulivu kuliko wote, na mwalimu akawaambia wengine waige mfano wangu.

Juju alikuwa baba yake baba yangu. Kabla ya uhuru, na kwa miaka michache baadaye, alikuwa mpishi katika shamba la ngano la mzungu upande wa Timau, mpaka mzungu alipouza na kwenda zake. Alirudi nyumbani na aproni nyeupe, majivuno mengi, na Kiswahili cha jikoni. Tangu nianze shule alinisemesha Kiswahili hicho tu, kwa sauti ya juu, ili majirani wajue kwamba nyumba yetu ina wasomi wawili. Aliniita bibi yangu kwa utani, kwa kuwa nilirithi jina la marehemu mke wake. Kiswahili chake kilikuwa na kasoro moja ambayo ndiyo kiini cha hadithi hii: hakikuwa na wakati uliopita. Kwa Juju kila kitu kilikuwa kinatokea sasa. Mzungu anakula mayai, mzungu anauza shamba, mzungu anapanda meli.

Basi siku moja baba akaja na habari kwamba amepata uhamisho. Alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya maji, na sasa alitakiwa Embu. Tungehamia huko shule zikifungwa, mimi na yeye, kwenye nyumba ya kupanga katika mtaa wa Dallas. "Kuna stima," alisema, "na maji ya mfereji ndani ya nyumba." Alidhani ataniona nikirukaruka. Mimi niliganda na kijiko mkononi. Mama akifufuka kule mlimani atateremka moja kwa moja mpaka nyumbani, atakuta mlango umefungwa na mimi sipo, na hatajua Embu ni wapi. Alikuwa hajawahi kufika hata Chuka. Usingizi wangu uliisha siku hiyo.

Sikumwambia baba. Baba wa siku zile alikuwa mtu wa kukaa na kikombe cha chai mpaka ipoe, kisha anaimwaga. Nilitengeneza mpango wangu mwenyewe. Shangazi na ndugu wengine walipogawana nguo za mama, sweta ilikosekana, wakatafuta kila mahali, shangazi akaapa kuna mtu wa kanisani ameitia kwapani. Ilikuwa ndani ya gunia la mbegu za viazi, nilikoificha mimi. Sasa nikaamua kuipeleka kwenye mawe ya kiama niiache pale. Kwanza, kule ni baridi, na mama alizikwa na gauni jembamba. Pili, nitauelekeza ule mkono wa kijani upande wa Embu. Mama mwenyewe alisema mkono ule unaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Ataamka, atavaa, ataelewa.

Kumshawishi Juju hakukuwa kazi. Nilimwambia tu kwamba naenda kukaa kwa watu wa Embu na sijaona yale mawe anayoyasema, na labda hayapo. Alinitazama kama niliyemtemea mate kwenye supu. "Hakuna?" akasema. "Mawe hakuna? Bibi yangu, kesho wewe unaamka mapema." Alikuwa na mizinga yake ya nyuki karibu na mianzi, kwa hiyo baba aliambiwa tunaenda kuangalia mizinga. Niliivaa sweta ya mama ndani, nikaifunika kwa sweta yangu ya shule, nikawa mnene ghafla. Juju hakuona kitu. Alikuwa ameanza kuzungumza tangu mlangoni.

Tulipanda asubuhi yote. Kwanza mashamba ya viazi, kisha msitu wenye miti inayodondosha maji hata kama mvua hainyeshi, kisha mianzi inayogonganagongana juu ya kichwa. Ardhi ilikuwa laini na nyeusi, na kila nilipokanyaga maji yalipanda katikati ya vidole. Mimi nilikuwa na maswali yangu, na nikaanza kuyauliza moja baada ya lingine kwa Kiswahili, kwa adabu, kama nilivyofundishwa.

"Juju, hao wa kiama wanakuja saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua inatoka, wao wanatoka."

"Watajuaje kwamba siku imefika?"

"Iko pembe! Mtu moja anapuliza pembe kubwa, puuu, hata mtu iko mbali sana anasikia, anaamka, anakuja."

Pembe nayo tulikuwa tumefundishwa katika somo la dini, ila mwalimu aliiita tarumbeta. Nikazidi kumwamini.

"Na wakifika wanafanya nini?"

"Wanakata kesi. Nani mzuri, nani mbaya. Yule mbaya wanapiga faini."

"Faini gani?"

"Mbuzi. Kama ni mbaya sana, dume la ng'ombe."

Hilo lilinishangaza, maana mwalimu alikuwa ametaja moto wa milele. Lakini niliona mbuzi ni nafuu, na kwa mama hakukuwa na wasiwasi, hakuwa na ubaya hata wa kuku. Nikauliza kama watu watatosha pale wote. Juju akafikiri, akasema wanatosha, wengine wanakaa juu ya mawe na wengine wanasimama nyuma. Akaniuliza kwa nini napumua kwa nguvu hivyo. Nikasema ni mlima.

Kisha msitu ukaisha. Ulikatika kama umepimwa kwa kamba, na mbele yetu kukawa na nyasi tupu mpaka mtu achoke kutazama. Zilikuwa nyasi ngumu zilizoota kwa mafungu, rangi ya majivu, na katikati yake maua meupe makavu yanayotoa mlio ukiyagusa. Hapa na pale ilisimama mimea ya ajabu, kabeji kubwa zilizopandishwa juu ya nguzo. Juu kabisa kilele cha mlima wenyewe, Kirimaara, kilitokeza kwenye wingu kikarudi. Upepo ulikuja bila kuzuiwa na chochote, na masikio yangu yakaanza kuuma. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kuona mahali palipofanana zaidi na mahali pa wafu kuamkia.

Mawe yalikuwa pale, kwenye kilima kidogo. Mengine yalinifika kifuani, mengine yalikuwa yamelala ubavu, na yote yalikuwa na ukurutu wa rangi ya kiini cha yai. Yalifanya duara ambalo mtoto angeweza kulizunguka akikimbia bila kupumzika. Juju alivua kofia.

"Nani aliyapanga?" niliuliza.

"Hakuna anajua. Iko hapa kabla ya sisi Wameru. Wengine wanasema Agumba, ile watu fupi inakaa kwa mashimo. Babu yangu anakuta mawe hapa, anasema, hii ni viti. Kiama inakaa."

"Na Embu ni upande gani?"

Akanyosha fimbo yake bila kusita, akaielekeza moja kwa moja kwenye mlima. "Nyuma ya ile."

Nikangoja aende kando kunusa ugoro wake. Alipogeuka nikavua sweta ya shule, nikavua na ya mama, nikavaa yangu tena. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza, ile ambayo huioni mpaka ukiona umelowa. Nikachagua jiwe zuri, bapa, lililokingwa kidogo na lenzake, nikaitandaza sweta juu yake. Nikaunyosha mkono wa kijani ukatazama mlimani. Nikaweka kokoto juu ya ncha yake ili upepo usiuhamishe. Niliona kazi yangu imekuwa nzuri kabisa.

Juju akarudi akipangusa pua. "Hiyo ni nini?"

"Sweta ya mama. Ya kuvaa akija."

"Akija wapi?"

"Hapa. Kwa kiama."

Akakunja uso, akaja akainyanyua sweta kwa ncha ya fimbo yake. "Hapana, bibi yangu. Toa. Mwanamke hakuna kwa kiama. Mwanamke haiingii hapa, hata nguo yake haiingii. Ni wanaume tu."

Ndugu msomaji, machozi yote niliyodaiwa mazishini niliyalipa pale. Wanaume tu. Wote wataamka, wataketi juu ya mawe, watatozana mbuzi, na mama yangu ataachwa chini nyuma ya ghala la viazi kwa sababu ni mwanamke, na mhubiri alikuwa ameniambia uongo akinitazama machoni. Nilimrukia Juju. Nilimpiga ngumi za tumbo, babu yangu mzima, nikimwambia mama hana ubaya, mama lazima aamke, mbuzi nitatoa mimi.

Juju akaitupa fimbo. Akanishika mikono yote miwili, akachuchumaa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze shule akanisemesha Kimeru. Kwa Kimeru alikuwa mtu mwingine, mtu wa sauti ya chini. Aliniuliza ni nani amesema mama yangu ataamka hapa, nami nikamwambia yote: mhubiri, mawe, Embu, mlango uliofungwa, mkono wa kijani. Alisikiliza mpaka mwisho. Mvua ilikuwa ikimchuruzika kwenye ndevu na hakuifuta.

"Mwanangu," akasema, "hayo ni maneno mawili. Kiama chetu ni wazee. Wazee waliokaa hapa zamani, mimi nikiwa kijana, wamekufa wote, na hawaji tena. Kiama cha mhubiri ni kingine. Ni cha Mungu. Hicho hakichagui mwanamke wala mwanamume."

"Basi hicho kiko wapi?"

Juju, aliyekuwa na jibu la kila kitu, aliyejua kwa nini mzungu anakula mayai mabichi na kwa nini mwezi unafuata gari, alitazama nyasi pande zote.

"Sijui," akasema. "Hakuna anayejua. Wala siku, wala mahali."

Nikamwambia hilo ni baya zaidi. Kama hakuna anayejua mahali, mama atanipataje? Na sisi tunahamia Embu.

Kisha akafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka najisikia mrefu. Aliangalia nyuma, kama mtu anayehofia kuonekana, akaketi juu ya jiwe moja, akavaa kofia yake vizuri, akaniashiria jiwe la mbele yake. "Keti."

"Wanawake hawaketi."

"Mzee wa kiama aliyebaki ni mimi. Keti, toa shauri lako. Lakini anayeleta shauri haji mikono mitupu."

Nilikuwa na nusu ya kiazi cha kuchemsha mfukoni. Nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya goti. Nikaketi. Jiwe lilikuwa baridi mpaka kwenye mifupa. Nikasema shauri langu nikiwa nimesimama tena, maana niliona ndivyo inavyofaa: kwamba mama akiamka, asinikose.

Juju alikula kile kiazi chote kwanza, polepole, akifikiri. Kisha akasema: "Kiama kimesikia. Baba yako aende Embu, kazi haikataliwi. Wewe uende usome. Mimi siendi popote, safari zangu nilizimaliza kwa mzungu. Mama yako akiamka, usiku au mchana, atanikuta mimi nyumbani. Nitampa sweta yake. Nitamwambia uko Embu, na umekua, na unajua Kiswahili."

"Na wewe ukifa je?"

"Nikifa ndiyo vizuri zaidi," akasema. "Tutaamka pamoja. Nitampa pale pale."

Sikuwa na swali lingine. Niliiokota sweta nikampa, akaikamua maji, akaikunja, akaitia ndani ya koti lake kubwa la kazi ya zamani. Tukateremka. Njia nzima koti lile lilinuka sufu mbichi na ugoro, na mimi nilikuwa nimeshika ncha yake ili nisianguke. Tulipofika nyumbani baba aliuliza habari za mizinga. Juju akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, "Nyuki iko sawa!" na mambo yakaishia hapo.

Tulihamia Embu. Dallas kulikuwa na stima kweli, na maji ya mfereji siku yakitaka kutoka, na nilisoma, na nikakua. Usiku sikuogopa. Wenzangu waliofiwa waliniuliza nafanyaje nisiogope, nami sikuwa na la kuwaambia isipokuwa kwamba kwetu kuna mtu anangoja.

Juju aliishi miaka mingi, akazeeka mpaka akarudi kuwa mdogo. Alipofariki nilikuwa mwanamke mwenye kazi na mume. Nilifika nyumbani nikakuta ndugu wamegawanyika, sauti ziko juu. Mzee alikuwa ameacha maagizo. Hakutaka kuzikwa pale alipozikwa mke wake, chini ya mteremko. Alitaka azikwe nyuma ya ghala la viazi, kando ya kaburi la mama yangu. Wazee walishika vichwa. Mke wa mwanawe! Mwanamke ambaye kwa heshima ya kimila hakuwahi kula mbele yake, wala kupita karibu na kitanda chake. Walisema uzee ulikuwa umemharibu akili. Baba peke yake alisema, "Kama ni neno lake, lifuatwe," na likafuatwa.

Kisha shangazi akatoka ndani amebeba kitu kilichofungwa katika aproni nyeupe iliyogeuka manjano. Alisema mzee alimwapisha akiweke ndani ya sanduku, juu ya kifua chake, mikono ikikishika. Akafungua mbele ya watu. Aliitambua mara moja, maana alikuwa ameitafuta miaka yote hiyo. Mkono wa kijani ulikuwa haujapauka hata kidogo.

Mchungaji alikuwa kijana mgeni, asiyejua Kimeru. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, samahani, hii sweta ni ya nini?"

"Ni mambo ya kiama, mchungaji," nikamjibu.

Akainamisha kichwa. "Amina," akasema, na mimi sikumsahihisha.